Uzi Mmoja, Neno Moja

Paukwa!

Nimewasikia walioitika, na nimewasikia waliokaa kimya kwa kuwa hawajui cha kuitikia. Si kosa lenu. Msimulizi akisema "paukwa" huitikiwa "pakawa", kisha hadithi inaanza. Mjukuu wangu alifika miaka 6 hajui hilo, naye ni damu ya Unguja kwa baba na kwa mama. Sasa ana miaka 9, na hadithi hii imetoka kwake, kwa swali aliloniuliza jioni moja ya Julai hapa nyumbani kwetu Mawaleh, Maskati, kiyoyozi kinavuma na jua nje bado kali kama la adhuhuri.

"Bibi," aliniuliza, "kuzeeka kunauma?"

Aliuliza kwa sababu ya sindano. Nilikuwa nimeishika mkono wa kushoto, uzi mkono wa kulia, na mara nne nilikuwa nimelikosa tundu. Mara ya tano akaichukua mkononi mwangu pole pole, akalamba ncha ya uzi, akaupitisha mara moja. Halafu akanitazama na kuniuliza hivyo.

Sikumjibu palepale. Mtoto akiuliza swali kubwa anastahili jibu lililofikiriwa, na kwa kweli nilikuwa sijalifikiria. Nilimwambia, "Kila ukinitungia uzi mmoja, nitakulipa neno moja la Kiswahili. Swali lako nitalilipa mwisho." Akakubali. Neno la kwanza nililomlipa lilikuwa "tundu".

Mnataka kujua nilikuwa nashona nini. Kofia. Si kofia ya dukani iliyoshonwa kwa mashine, ambayo ukienda sokoni Mutrah utaipata kwa riali chache. Ni kofia ya viua, ya mkono, ile ambayo mwenye nayo huitunza kwa miaka na muuzaji hataitoa mpaka umpe makumi ya riali. Kiua ni kijitobo. Unachukua kitambaa cheupe, tabaka mbili, unachora pambo lako kwa penseli, kisha unatoboa kwa sindano nene, na kila ulipotoboa unazungusha uzi mwembamba ukingoni ili kijitobo kisije kikafumba. Kimoja kikiisha unaanza kingine. Kofia moja ina viua mamia kwa mamia, na hewa hupita humo, kichwa kikapoa. Watu waliobuni kofia hii walilijua joto.

Hapa Oman inaitwa kumma. Mwanamume akienda ofisini au kwenye shughuli rasmi atafunga kilemba, mussar, lakini barabarani, msikitini, nyumbani, ni kumma. Ukimwona mzee wa Maskati na mzee wa Malindi ya Unguja, wote wamevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, hutajua yupi ni yupi mpaka wafungue kinywa. Na pengine hata wakifungua kinywa, maana huyu wa Maskati naye anaweza kukwambia "hujambo".

Kwa nini? Kwa sababu bahari iliwaunganisha. Sayyid Said bin Sultan alitawala Oman na Unguja kwa pamoja, akahamishia makao yake Unguja, na alipofariki mwaka 1856 alikuwa baharini, katikati ya nchi zake mbili. Mwaka 1861 nchi hizo ziligawanywa, kila moja na sultani wake. Lakini nyumba za watu hazigawanyiki kwa karatasi. Shangazi alikuwa huku, ami alikuwa kule, na jahazi kila mwaka lilikwenda na pepo za kaskazi na kurudi na za kusi.

Mimi nilizaliwa Unguja mwaka 1953. Bibi yangu ndiye aliyenifunza viua, tukikaa ukumbini juu ya mkeka wa ukindu, mlango umefunguliwa nusu ili mwanga uingie. Nilipokuwa na miaka 10, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Sitawasimulia siku zile leo. Itoshe kusema kwamba watu wengi waliondoka, na sisi tulikuwa miongoni mwao, na katika vilivyobaki nyuma ilikuwamo kofia niliyoifikisha nusu. Tuliishi Dar es Salaam, kisha Dubai. Mwaka 1970, tarehe 23 Julai, Sultan Qaboos akashika madaraka hapa na kuwaita Waomani waliotawanyika duniani warudi kujenga nchi. Sisi tulifika 1973.

Wajukuu, Maskati mnayoijua nyinyi, yenye barabara za njia nyingi na taa usiku kucha, haikuwapo. Kabla ya 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli 3 tu. Mji wa kale ulikuwa na ukuta, na milango yake ilifungwa kama saa tatu baada ya jua kutua. Aliyetembea usiku ilimpasa abebe taa ya kandili ili aonekane. Jirani yangu wa sasa, mama mtu mzima kunishinda, alikulia ndani ya ukuta ule. Anasema walipokuwa watoto walipigania nani atabeba kandili, maana aliyeibeba ndiye aliyetangulia na wakubwa wakamfuata.

Mimi nilikuwa nimesoma, najua kupiga taipu. Nchi ilikuwa na haja ya kila mkono unaojua kazi. Nikafanya kazi miaka 36, na katika miaka yote hiyo sikushona hata kiua kimoja. Nilikuwa na haraka. Asubuhi haraka ya ofisi, mchana haraka ya watoto, usiku haraka ya kulala. Hata sala nilikuwa naiswali kwa haraka, Mwenyezi Mungu anisamehe. Na nilikuwa na furaha, sitawadanganya. Ila nilidhani furaha ndiyo ile haraka yenyewe.

Basi nilipostaafu, haraka ikaondoka, na mimi nikadhani furaha imeondoka nayo. Mume wangu akafariki miaka michache baadaye. Nilikaa mbele ya televisheni kutoka alasiri mpaka isha. Wanangu ni wema, walininunulia kila kitu. Kila kitu walichoninunulia kilikuwa ni cha kunifanya nisinyanyuke. Ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuwa na kila kitu na akakosa sababu ya kuinuka kwenye kiti.

Na magoti yakaanza. Hili linauma, na mjukuu wangu nilimwambia kweli. Ilifika siku daktari akasema, "Mama, usisujudu tena chini, swali kwenye kiti." Dini yetu ina huruma, aliyeshindwa kusimama huswali ameketi, nalijua hilo tangu chuoni. Lakini kujua ni jambo moja na kuketi ni jambo jingine. Paji la uso wangu lilikuwa limezoea msala kwa miaka zaidi ya 60. Siku ya kwanza niliswali kwenye kiti cha plastiki jikoni, mlango nimeufunga, kwa haya, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani.

Mjukuu wangu wakati huo alikuwa na miaka 4. Aliufungua mlango bila kubisha, watoto hawabishi, akatandika msala wake mdogo kando ya kiti changu akaniiga. Nikainama, akasujudu. Lakini badala ya kusujudu mara mbili, akasujudu mara nne. Nilipotoa salamu nikamuuliza kwa nini.

"Mbili zangu," akasema, "mbili zako."

Nilimfundisha, kama ilivyonipasa, kwamba sala ya kila mtu ni yake na haichukuliwi na mwingine. Lakini baada ya siku ile niliuacha mlango wazi, na kiti nikakitoa jikoni, nikakiweka ukumbini mbele ya watu.

Jirani yangu yule wa kandili ni Muibadhi, asili yake Nizwa, na mimi nimelelewa Kishafii. Tukiswali pamoja, yeye mikono ameiacha ikining'inia ubavuni na mimi nimeifunga kifuani, na sote wawili tuko kwenye viti. Mjukuu akaja kuuliza yupi anakosea. Nikampeleka mlangoni nikamwonyesha viatu vyetu, vyake na vyangu, vimechanganyika, kimoja juu ya kingine. "Tuliviacha hivi tulipokuwa tunakimbilia sala," nikamwambia. "Nenda kavitenganishe." Akakaa pale akivipanga, na neno la siku ile likawa "jozi".

Nisiache habari ya maneno. Alikuwa akiyaandika kwenye daftari, na aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo mkono wake ulizozizoea. Nilipoliona daftari hilo nilikaa kimya kwa muda. Bibi yangu, yule wa mkeka wa ukindu, alikuwa akiandika barua zake za Kiswahili kwa herufi hizo hizo, kama walivyoandika watu wa pwani kwa karne nyingi kabla yake. Mtoto huyu hakuambiwa na mtu. Na alikwama palepale walipokwama wazee: Kiarabu hakina herufi ya "p". Nilimpa neno "upepo", akaandika "ubebo". Nikacheka mpaka machozi, na yeye akacheka, na mama yake akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Baada ya magoti, daktari aligundua nina kisukari. Akanizuia kufunga Ramadhani. Hili lilinichoma kuliko magoti. Mwezi ule watu wote nyumbani wana kiu yao moja, wanangoja adhana moja, na mimi nimekaa pembeni na glasi ya maji mbele yangu. Aliyezuiwa kufunga kwa uzee au kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidia, hulisha maskini mmoja kwa kila siku aliyokula. Mwanangu akasema, "Mama, nitalipa kwa simu, dakika moja tu." Nikamwambia asilipe. Nikainuka kwenye kiti.

Nikaloweka mchele usiku. Asubuhi nikausaga kwa tui la nazi, nikatia sukari, iliki na hamira, nikaufunika uumuke. Baada ya alasiri nikawasha moto, nikaweka chuma cha vitumbua, mafuta kidogo katika kila kishimo, na nikaanza kuchoma. Mjukuu akakaa karibu na kazi yake ikawa kugeuza kwa kijiti. Kama hamjawahi kugeuza kitumbua, jueni kina wakati wake. Ukiwahi kitavunjika, ukichelewa kitaungua, na wakati wenyewe huwezi kuusoma kwenye saa. Unautazama ukingo, unaponyauka kidogo na kuachana na chuma, hapo. Mimi sikuweza kuonja, maana wagonjwa wa kisukari tunapimiwa, naye hakuweza kuonja, maana alikuwa anajaribu saumu yake ya kwanza. Tulipika kwa harufu.

Misikiti ya Maskati kila Ramadhani hutandika futari nje kwa yeyote apitaye, na wengi wanaokaa pale ni wafanyakazi waliotoka mbali, Bangladesh, India, Pakistan, waliowaacha wazee wao kwao. Mjukuu akapeleka sinia msikiti wa mtaani pamoja na baba yake. Alirudi mbio. Mtu mmoja wa Kerala, kusini mwa India, alikiona kitumbua akakishika na kukigeuza mkononi kabla ya kula. Akamwambia kwamba kwao mama yake hupika kitu kama hiki, kwa mchele na nazi, katika chuma chenye vishimo vile vile, nao wanakiita unniyappam. Akamuuliza mtoto, "Nani amepika?" Mtoto akajibu, "Mimi na Bibi." Hakusema "Bibi". Alisema "mimi na Bibi". Maneno hayo matatu niliyatia mfukoni kama dhahabu, na mwezi mzima sikukosa kuloweka mchele hata usiku mmoja.

Tangu Januari 2024 serikali inampa kila raia wa Oman aliyetimiza miaka 60 riali 115 kwa mwezi. Ni jambo jema, na kuna nyumba ambazo fedha hiyo ndiyo inayozisitiri. Mjukuu aliposikia akasema basi kuzeeka hakuumi, kunalipa. Mimi katika yangu nanunua mchele, nazi, na uzi mweupe.

Siku moja nilimpeleka kuuona msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos kule Bawshar, uliofunguliwa mwaka 2001. Tulikwenda asubuhi, saa za wageni. Watu wote wakiingia huinua shingo kutazama taa ya vioo, yenye urefu wa mita 14, nami siwalaumu. Lakini mimi nilimwambia atazame chini. Zulia la ukumbi mkuu lina uzito wa tani 21. Wanawake 600 wa Iran walilifuma kwa mkono kwa miaka 4, fundo baada ya fundo, mafundo bilioni 1.7. Lilipokamilika hakukuwa na zulia kubwa kama hilo duniani.

Akachuchumaa akaligusa kwa kidole kimoja.

"Bibi, aliyefunga hili fundo hapa anajulikana?"

"Anajijua mwenyewe," nikasema.

"Na akija hapa ataliona lake?"

Nilikuwa nataka kumjibu, lakini alikuwa ameshainamia zulia, anatafuta. Alitafuta kweli, kama mtu aliyeangusha sindano. Mlinzi alikuja, akamwangalia, akaniangalia mimi, akatuacha.

Tuliporudi nyumbani alitaka kushona kiua. Nikampa sindano nene na sehemu moja karibu na mshono, kule kunakokaa kisogoni, ambako hakuonekani sana. Alitoboa, akazungusha uzi, akauvuta kwa nguvu mno. Kiua kikapinda, kikawa kama jicho la mtu anayesinzia. Akataka nikifumue. Bibi yangu angekifumua bila kusita, kwake kofia yenye kiua kibovu haikutoka nyumbani. Nilikishika chini ya taa, nikakitazama kwa muda mrefu, nikakiacha.

Na jioni ile ndipo nilipomlipa swali lake. Nilimwambia kweli tupu: kunauma, ndiyo. Magoti yanauma. Macho yanachoka, na jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho, ndiyo maana tundu nalikosa. Kuwazika watu uliowapenda kunauma kuliko vyote. Lakini nilipokuwa kijana nilikuwa sihitaji mtu anitungie uzi, na kwa hiyo hakuna mtu aliyekaa karibu yangu akanitungia. Ofisini miaka 36 sikumpa mtu hata neno moja la bibi yangu, kwa kuwa hakuna aliyekuja kulidai. Sasa nahitaji macho yako, na wewe unakuja kuyaleta, na ukija nakuona. "Ukitunga uzi," nikamwambia, "unatoa ulimi kidogo pembeni. Babu yako alikuwa akifanya hivyo hivyo."

Akaurudisha ulimi ndani haraka. Kisha akautoa tena, makusudi.

Kofia ilinichukua miezi minane. Kichwa cha mtoto hakingoji, kwa hiyo nilipokipima kwa uzi mwezi wa kwanza niliongeza upana wa kidole kimoja, nikamwomba Mungu kidole hicho kitoshe. Nilipounganisha ukingo na duara la juu, nikaifua, nikaitia wanga, nikaivisha kwenye faroma, kile kigogo cha mviringo kinachoizuia kofia isijikunje. Ilikaa hapo siku mbili mbele ya dirisha. Kila akipita aliigusa kuona kama imekauka.

Asubuhi ya Idi nyumba ilijaa moshi wa ubani na harufu ya kahawa ya iliki. Jirani yangu alishaleta halua. Baba wa mjukuu wangu alikuwa mlangoni anapiga honi ya maneno, twende, twende, sala itatupita. Mtoto akatoka chumbani na kanzu mpya na kofia kichwani, akaja kunibusu mkono.

Mshono ulikuwa mbele, katikati ya paji la uso.

"Umeivaa nyuma mbele," nikamwambia, nikainua mkono niigeuze.

Akaishika kwa mikono yote miwili. "Usiigeuze, Bibi. Kiua changu kiko hapa. Kikikaa kisogoni nitakionaje kwenye kioo?"